Anza na maji: namna ya kusoma mwamba wa koti la dunia uliotoka ukingoni mwa bara

Slaidi ile ninayo mpaka leo. Ni kipande cha mwamba wa koti la dunia, yaani tabaka nene la miamba lililo chini ya ganda la juu, kilichosagwa hadi kikabaki na unene wa milimita 0.03, kikabandikwa kwenye kioo ili mwanga wa hadubini upenye. Nilipokitazama mara ya kwanza nilikuwa mwanafunzi mwenye haraka. Niliona chembe za spineli, mojawapo ya madini ya mwamba huo, zenye rangi ya kahawia iliyoiva, kila moja imezungukwa na utando mweupe uliochafuka. Nilikuwa nimefundishwa kwamba weupe wa namna ile ni madini yaitwayo plajioklasi, na kwamba plajioklasi ndani ya peridotiti, yaani mwamba wa koti, ni alama ya mwamba uliopanda kutoka kina kirefu. Nikaandika hivyo. Nikapeleka unga wa mwamba maabara, majibu yakarudi na kalisi na alumini nyingi, nikaongeza sentensi nyingine: koti hili halijawahi kuyeyuka sana, maana lingeyeyuka hizo zingeondoka. Wiki mbili, ripoti imekwisha.

Mwalimu aliyenisimamia hakubishana nami. Alizungusha meza ya hadubini taratibu, akaisogeza slaidi hadi kona ambayo sikuwahi kuifikia, akaniambia niangalie. Pale weupe haukuzunguka spineli yoyote. Ulipita kati ya fuwele za olivini, madini makuu ya mwamba huo, kama mshipa, ukajipenyeza kwenye kila upenyo, na kandokando yake olivini ilikuwa imelika. Plajioklasi hiyo haikuzaliwa ndani ya mwamba. Ililetwa na magma, yaani mwamba ulioyeyuka, iliyopita pale ikagandia njiani. Kalisi na alumini nilizozitegemea zilikuwa, kwa sehemu kubwa, za mgeni.

Tangu siku ile nimekuwa nikimwambia kila anayeanza kushughulika na miamba hii jambo lile lile: isome kuanzia tukio la mwisho kurudi nyuma. Ni kama ukuta uliopakwa rangi mara nne. Huwezi kuijua rangi ya kwanza kabla ya kuikwangua ya juu, na kemia ya mwamba mzima hukupa rangi zote nne zikiwa zimekorogwa ndoo moja.

Kwanza tuelewane kuhusu mwamba wenyewe. Sehemu ya juu ya koti la dunia ni peridotiti: olivini kwa wingi, madini ya piroksini ya aina mbili, na madini ya aina moja, kidogo tu, yenye kubeba alumini. Hayo kidogo ndiyo kipimo chako cha kina. Chini kabisa, kupita kilomita 60 hadi 80 kutegemea halijoto na kemia, ni ganeti. Juu yake ni spineli. Ukikaribia uso, pasipofika kina cha kilomita 30 hivi, ni plajioklasi. Bara linapovutwa na kukonda, koti lililo chini yake hupanda kujaza nafasi, na linapopanda shinikizo hupungua upesi kuliko joto linavyopotea. Peridotiti kavu iliyo kina cha kilomita 100 huhitaji zaidi ya nyuzi 1400 za Selsiasi ili ianze kuyeyuka; karibu na uso, nyuzi 1100 hivi zinatosha. Kwa hiyo mwamba ule ule, bila kuongezewa moto, unaweza kuanza kutoa magma kwa sababu tu umepanda.

Hiyo ndiyo hadithi ya darasani, na ni ya kweli. Shida yake ni kwamba kingo nyingi za mabara haziifuati kwa unyoofu. Bara likivutwa polepole, koti hupoteza joto kwa pembeni na juu wakati linapanda, na magma huwa kidogo. Kando ya Norwe na Greenland magma ilimwagika kwa wingi ikajenga ganda nene. Magharibi mwa Ureno na Uhispania ilikuwa haba kiasi kwamba koti lenyewe lilifika sakafu ya bahari bila kufunikwa na lava. Mwaka 1985 meli ya JOIDES Resolution, katika safari ya 103 ya mradi wa kimataifa wa kuchimba bahari, ilitoboa mgongo wa miamba magharibi mwa Galicia, kaskazini-magharibi mwa Uhispania, na kilichopanda kwenye bomba kilikuwa peridotiti iliyogeuzwa na maji kuwa serpentiniti. Gilbert Boillot, mmoja wa wakuu wawili wa kisayansi wa safari hiyo, alikuwa na wenzake wakiifuatilia miamba hiyo tangu kabla. Safari za 1993 na 1997, kusini zaidi, zikathibitisha kwamba koti lililofichuliwa limeenea makumi ya kilomita kati ya bara na bahari ya kawaida. Naurudia mwaka 1985 kwa makusudi: jambo hili bado ni jipya, na vitabu vingi vya kuanzia bado vinachora bara, mstari, halafu basalti, yaani lava iliyoganda.

Sasa turudi kwenye ukuta wetu na rangi ya juu kabisa, yaani maji.

Ganda la bara likishakonda hadi chini ya kilomita 10 hivi, lote huwa baridi na lenye kukatika, na nyufa zake huweza kufika hadi kwenye koti. Maji ya bahari hushuka humo. Olivini ikikutana na maji chini ya nyuzi 400 hivi hugeuka serpentini; chuma chake huoksidika kuwa magnetiti, na hidrojeni hutoka. Mwamba huvimba. Uzito wake hushuka kutoka takriban gramu 3.3 kwa sentimita moja ya ujazo hadi karibu 2.6, na karibu asilimia 13 ya serpentini ni maji yaliyofungwa ndani ya fuwele. Mawimbi ya mtetemo yaliyokuwa yakipita kwa kilomita 8 kwa sekunde hushuka hadi karibu 5 ikiwa mwamba umegeuka wote. Hapo ndipo wengi huteleza: kasi ya katikati, tuseme 7, inaweza kuwa gabro (magma iliyoganda kinani) ya ganda la chini, na inaweza kuwa koti lililonywa maji nusu. Ukikabidhiwa mchoro wa mitetemo wa ukingo wa bara, usikubali neno "ganda" juu yake mpaka uulize limejulikanaje.

Chini ya hadubini, serpentini huchora wavu. Kila fuwele ya olivini imepasuliwa na nyuzi za serpentini zinazokatana, na katikati ya tundu la wavu mara nyingine hubaki punje ya olivini hai, inang'aa rangi kali mwanga ukipita kwenye vichujio. Zitafute punje hizo kwa subira. Nimewahi kukaa asubuhi nzima na slaidi moja nikapata tatu tu, na hizo tatu ndizo zilizonipa vipimo vya kuaminika vya magnesi na chuma. Piroksini hugeuka pia lakini huacha umbo lake, bamba zima la serpentini lenye mistari ya ule mpasuko wa zamani. Ukilijua umbo hilo unaweza kuhesabu piroksini zilizokuwepo hata kama hakuna iliyobaki.

Yapo pia mabaki ya sakafu ya bahari yenyewe: mishipa ya kalisiti, madoa ya manjano na kahawia, mwamba uliovunjikavunjika na kuunganishwa upya kwa chokaa. Ukiona hayo, upo karibu na uso wa kale. Katika Alps, eneo la Platta huko Uswisi, unaweza kuugusa uso huo kwa mkono: sakafu ya bahari ya kipindi cha Jura iliyoinuliwa juu ya milima, serpentiniti chini, chokaa imeipenya, mashapo ya bahari juu yake. Kwa anayejifunza, mwamba ulioshikana na jirani zake kama pale una thamani kuliko boksi zima la sampuli zilizokatwa.

Kabla ya kuendelea, jambo moja la afya, na nalisema kwa uzito. Aina mojawapo ya serpentini ni krisotili, na krisotili ni asbestosi. Usikate mwamba huu kwa msumeno mkavu. Tumia maji, vaa barakoa inayofaa kwa nyuzi, na usafishe meza kwa kitambaa kilicholowa, kamwe si kwa ufagio. Mimi nilifundishwa hayo nikiwa nimeshakata vipande vingi, na ningependa wewe uyajue kabla ya cha kwanza.

Ukishalitambua tabaka la maji, unafika pale nilipokosea. Weupe katika peridotiti una asili mbili, na zote mbili zinaweza kuwa ndani ya slaidi moja. Ya kwanza ni mwamba kujibadilisha ukiwa mgumu: spineli na piroksini zikipungukiwa shinikizo hutoa olivini na plajioklasi mpya. Mmenyuko huo unatokea palepale penye spineli, kwa hiyo utaona shada la chembe ndogondogo limeizunguka spineli, na piroksini za jirani zina alumini kidogo pembeni kuliko katikati. Ya pili ni magma iliyonaswa. Koti la chini ya bara lina paa baridi. Magma inayotoka chini hupenya humo, huila piroksini au olivini kulingana na kina na kemia yake, kisha huganda kati ya fuwele. Hiyo haijali spineli iko wapi. Inafuata mipaka ya chembe, huacha mishipa, na spineli iliyoguswa nayo hupandisha titani. Kipimo cha titani katika spineli kimenisaidia kuliko uchambuzi wowote wa mwamba mzima.

Yote hayo hufanywa kwa tahadhari moja: weupe huo, katika miamba ya ukingoni, mara nyingi si plajioklasi tena. Umeshageuka uchafu wa kijivu na kahawia kwa sababu ya maji yale yale. Asiyeanza na maji hupita juu yake akidhani ni takataka.

Katikati ya spineli ndipo rangi ya kwanza inapojificha. Mwamba unapoyeyuka alumini huondoka na magma na kromi hubaki, kwa hiyo uwiano wa kromi ukilinganishwa na jumla ya kromi na alumini huonyesha ni kiasi gani kilitoka: karibu 0.1 kwa peridotiti ambayo haijakamuliwa, 0.5 na kuendelea kwa iliyokamuliwa sana. Pima katikati tu. Pembeni spineli imeshaliwa na magnetiti, nyeusi tii, na namba zake hazihusu kuyeyuka.

Hata ukipata namba safi, usikimbilie kusema kuyeyuka huko kulitokea bara lilipopasuka. Mwaka 2003 safari ya 210 ilichimba upande wa pili wa Atlantiki, ukingo wa Newfoundland huko Kanada, ambao zamani ulikuwa umeshikana na ule wa Iberia, yaani wa Ureno na Uhispania. Upande wa Iberia hupatikana peridotiti nyingi zilizolowekwa na magma, zenye plajioklasi. Newfoundland ilitoa mwamba uliokamuliwa mno, spineli zenye kromi nyingi, ilhali kwenye ukingo huo hakuna ganda nene la basalti linalolingana na magma yote hiyo. Maelezo yanayoniridhisha ni kwamba ulikamuliwa muda mrefu kabla, ukakaa chini ya bara ukiwa hivyo, kisha mpasuko ukaufichua. Bara lilirithi koti lenye mabaka tangu mwanzo.

Ukipata nafasi ya kuchagua sampuli za kujifunzia, omba za kisiwa cha Zabargad, Misri, ndani ya Bahari ya Shamu. Jina lake ndilo lile la kito zabarajadi, na kito hicho ni olivini iliyochimbwa pale tangu zamani za kale. Bahari hiyo bado ni changa, na baadhi ya peridotiti za kisiwa hazijaguswa sana na maji, hivyo weupe wake bado ni plajioklasi halisi, unaometa na una mistari yake. Weka slaidi ya Zabargad kulia na ya Galicia kushoto. Tazama kwanza ya kulia mpaka jicho lizoee, kisha uende kushoto ukatafute maumbo yale yale chini ya wavu wa serpentini. Fika mpaka kwenye kona ya slaidi.