Kete 18 Ni Nyingi: Kwa Wewe Unayebuni Chesi Yako ya Majini na Mazimwi

Kijana mmoja ameniandikia wiki hii, na ameniruhusu nimjibu hadharani. Anasema: "Kaka, nimetunga chesi ya majini na mazimwi. Ina kete 18 za aina tofauti, kila moja na nguvu zake. Kila ninayemfundisha anasema ni ngumu. Niieleze vipi wanielewe?"

Mdogo wangu, hata ukiieleza kwa wimbo hawatakuelewa. Chesi ya kawaida ina aina sita tu za kete, na bado kuna watu wazima hapa mjini wanaosahau farasi anarukaje. Wewe unamletea mtu 18 halafu unamlaumu kwamba hana akili. Punguza.

Najua unavyojisikia ukiambiwa hivyo, kwa sababu mimi niliambiwa kwa lugha mbaya zaidi. Nilipeleka mchezo wangu, chesi yenye kete mpya za Jini, Zimwi na Liongo, kwenye klabu moja ya chesi, siitaji, nikaomba wajaribu mchezo mmoja tu baada ya mazoezi yao. Mzee mmoja anayeheshimika pale alimnyanyua Jini wangu, akamgeuza, akamrudisha mezani kichwa chini. Akasema hii si chesi, ni mambo ya watoto, na chesi haichezewi. Wengine wakacheka. Mimi nikakusanya vizibo vyangu vya soda, ndivyo vilivyokuwa kete zangu. Leo vijana wa klabu ileile wananipigia simu kuuliza Zimwi akishiba anatembea nyumba ngapi. Sisemi zaidi.

Ila lile neno lake kwamba chesi haichezewi nalirudia hapa, maana nawe utaambiwa, na ni vizuri uwe na jibu. Chesi imechezewa tangu izaliwe. Katika shatranji ya Waajemi na Waarabu hapakuwa na malkia. Palikuwa na waziri, na waziri huyo alisogea nyumba moja tu kwa mshazari. Tembo, aliyekaa pale alipo askofu leo, aliruka nyumba mbili kwa mshazari na basi. Malkia huyu anayefagia ubao mzima alikuja Ulaya mwishoni mwa karne ya 15, na bila shaka palikuwa na wazee walionuna. Kabla ya hapo, mwaka 1283, mfalme Alfonso X wa Castile, katika Hispania ya leo, alikamilisha kitabu cha michezo ambamo mna chesi kubwa ya nyumba 12 kwa 12, yenye twiga, simba na mamba. Mamba! Na mamba yule alitembea kama askofu wa leo anavyotembea. Kwa hiyo mtu akikuambia unaharibu mchezo, muulize ni upi, wa karne gani.

Turudi kwenye kete zako. Umeniandikia kwamba kete yako ya tatu ni "jini mwenye hasira anayeishi kwenye mbuyu". Sawa, lakini anatembeaje? Hukuniambia. Umenipa aya nzima ya hasira na mbuyu, na mwendo wake umeuandika kwa maneno manne: "kama malkia lakini dhaifu". Hapo ndipo kazi ilipolala. Mchezaji hasomi hadithi yako. Anaona kete inakwenda vipi na inakula vipi. Hadithi isipokuwa ndani ya mwendo, haipo.

Jini wangu alinipa shida hiyo hiyo mwanzoni. Nilimpa kupaa, nikampa kupotea, nikampa kubadilisha sehemu na kete nyingine. Alikuwa na kila kitu na hakuwa jini. Kisha nikakumbuka ngoma za pepo nilizokuwa nachungulia utotoni Tanga. Pepo hatembei peke yake. Anahitaji kiti, mtu wa kumpanda. Nikamnyang'anya Jini nguvu zote na kumwachia kanuni moja: hawezi kusogea mpaka apate kete ya kupanda. Anakwenda mstari wowote, wima, mlalo au mshazari, akikutana na kete yoyote, yako au ya mwenzako, anairuka na kutua nyumba inayofuata. Akikuta adui hapo, anamla. Asipokuwa na wa kumpanda, anabaki alipo.

Nilijiona bingwa. Baadaye nikagundua kwamba Mwingereza T. R. Dawson alishaibuni kete yenye mwendo huo mwaka 1913 na kuiita panzi, na watunzi wa mafumbo ya chesi wameitumia tangu hapo. Basi na iwe. Panzi wake hana kiti. Wangu anacho, na kila mtu wa pwani niliyemwonyesha alikariri kanuni kwa mara moja bila karatasi. Na tazama kinachotokea: mwanzo wa mchezo, ubao umejaa, Jini anatisha. Mwishoni, kete zimeisha, anakaa kona hana wa kumpanda. Mchezaji mzuri anajua kumtumia mapema. Hilo sikulipanga, limetoka ndani ya kanuni lenyewe.

Zimwi naye. Katika hadithi za bibi zetu zimwi humeza watu, akipasuliwa wanatoka wazima. Kwa hiyo Zimwi wangu anatembea nyumba moja au mbili upande wowote, na anachokula hakitoki mchezoni. Kinaingia kwenye kikombe cha kahawa kando ya ubao. Akiuawa, kete ya mwisho aliyomeza inarudi kwa mwenyewe. Ila inarudi vipi? Hapo nilikwama muda mrefu, kwa sababu nyumba aliyofia Zimwi tayari imekaliwa na aliyemuua. Jibu lilikuwa mbele ya macho yangu, barazani, wazee wakicheza bao. Katika bao la Kiswahili kila mchezaji ana kete 32, lakini anaanza na 10 tu ubaoni. 22 zilizobaki ziko mkononi, na anazinamua, yaani anaziingiza ubaoni, moja moja. Basi na mimi kete iliyotapikwa inakaa mkononi mwa mwenyewe. Anaweza kuinamua wakati wowote kwenye mstari wake wa kwanza, nyumba ikiwa wazi, na hiyo inahesabika kuwa zamu yake. Mzee wa klabu akisema haya si mambo ya chesi, mwambie Wajapani katika shogi, chesi yao, wanaingiza ubaoni hata kete walizoziteka kwa adui zao.

Halafu watu wakaniharibia. Wachezaji waligundua kwamba Zimwi akishameza malkia ni bora afichwe nyuma mpaka mwisho. Jitu la kutisha likawa mwoga wa kijiji. Ndipo tukaweka shibe: akiwa na kete mbili tumboni, anasogea nyumba moja tu, anakamatika. Kanuni hiyo hata sikuibuni mimi. Aliitoa binti wa jirani yangu aliyekuwa anatutazama tukigombana. Cheza na watu, mdogo wangu. Cheza na watu wasiokupenda, ndio wanaotafuta matundu.

Sasa Liongo. Huyu ndiye fahari yangu na sioni haya kusema. Fumo Liongo, shujaa wa hadithi za pwani, kama anavyosimuliwa, hakuingiliwa na silaha isipokuwa sindano ya shaba kitovuni, na katika masimulizi mengi ni mwanawe aliyetumwa kumchoma. Nikasema: Liongo haliwi na malkia, wala ngome, wala farasi, wala mfalme. Anauawa na askari peke yake, mdogo wa ubao. Anatembea nyumba moja upande wowote. Kwenye karatasi ilikuwa nzuri kuliko yote. Mezani ikawa balaa. Liongo alitembea polepole hadi kwa mfalme wa upande wa pili, akasimama pembeni yake, na mfalme hawezi kumgusa. Kila mchezo uliisha hivyo. Wenzangu walinitaka nimwondoe. Nilikataa, tukarushiana maneno, mmoja mpaka leo hatuzungumzi vizuri.

Dawa ilikuwa kumfunga kwao. Akiwa nusu yake ya ubao, ni askari tu anayemuweza. Akivuka mstari wa kati, ni mtu kama watu, analiwa na yeyote. Hivyo amekuwa mlinzi badala ya muuaji, na ukimtuma vitani unajua unachokihatarisha. Kisha nikaongeza kifo chake. Masimulizi yanasema alikufa amepiga goti kisimani, upinde umevutwa, na watu hawakuthubutu kukaribia kuchota maji wakidhani yu hai. Kwa hiyo Liongo akiuawa haondolewi hapo hapo. Analazwa pale pale, aliyemuua anabaki alikokuwa, na nyumba hiyo haikanyagwi wala haipitwi na yeyote mpaka kila upande ucheze zamu tatu. Nimeona mtu akimtoa Liongo kwa makusudi katikati ya ubao ili mwili wake uzibe njia ya ngome. Nilinyamaza, lakini moyoni nilipiga vigelegele.

Unaona basi? Kete tatu ngeni. Nimeziweka upande wa malkia, mahali pa ngome, farasi na askofu, na upande wa mfalme nimeuacha kama ulivyo. Mchezaji mgeni ana nusu anayoijua ya kujishikilia. Daniel MacDonald wa Kanada, katika Omega Chess ya mwaka 1992, aliongeza aina mbili tu, na alipanua ubao kuzipa nafasi. Yasser Seirawan, aliyewahi kuwa bingwa wa Marekani, alipotoa chesi yake mwaka 2007 naye aliongeza aina mbili, mwewe na tembo. Watu wenye uzoefu kukuzidi wewe na mimi wameishia mbili. Wewe una 18. Punguza.

Na kupunguza kunauma, nisikudanganye. Nilikuwa na Nguva. Alitembea kama malkia kwenye nyumba za ukingoni, na akiingia ndani alisogea nyumba moja tu, kama kiumbe aliyetoka baharini. Nilimpenda kuliko Jini. Tatizo ni kwamba alizunguka pembeni mchezo mzima na hakukutana na mtu. Vita vya chesi viko katikati. Nikamtoa. Hadi leo kuna anayeniuliza Nguva yuko wapi, na sina jibu zuri.

Jambo jingine ambalo hukuniuliza lakini nimeliona kwenye mchoro wako: ngamia wako anaruka nyumba tatu mbele na moja pembeni. Hesabu rangi. Akianzia nyeupe anatua nyeupe, maisha yake yote, sawa na askofu. Nusu ya ubao haimjui. Ukitaka kumweka, weka wawili, mmoja kila rangi, au mpe hatua moja ndogo ya kubadilisha rangi. Ipo programu ya bure, Fairy-Stockfish, ambayo ukiiandikia mwendo wa kete mpya inacheza yenyewe kwa yenyewe, nawe unaona upande upi unaonewa. Kwa ngamia itakufaa sana. Kwa mambo ya kumeza na kutapika mimi haikunisaidia, nilirudi kwa watu. Kwa kweli kila nilipokwama nilirudi kwa watu.

Kuhusu swali lako la mwisho, la fundi wa kuchonga: subiri. Kete zangu za kwanza zilikuwa vizibo vya soda vile vya drafti, nimeandika kwa kalamu nene J, Z, L, na vilipotea nikaokota vingine. Nilikwenda kwa mafundi wa vinyago wa Mwenge, Dar es Salaam, kanuni zilipokuwa zimeacha kubadilika kwa muda mrefu, na hata hapo nilianza na seti moja. Fundi hachongi kanuni, anachonga sura. Ukimpelekea kete 18 leo atakuchongea zote, vizuri kabisa, na atakudai za 18, hata zile 15 utakazozitoa mwezi ujao.