Watoto watatu, siku tano, Unguja: tuanzie wapi?

SWALI: Dada habari za kazi. Mimi na mume wangu tumedunduliza mwaka mzima ili Desemba hii tuwapeleke watoto Zanzibar, ndo mara yetu ya kwanza. Mmoja ana miaka 13, mwingine 8, na wa mwisho 4. Kila ninayemuuliza ana lake, huyu anasema nendeni Nungwi, huyu anasema kaeni mjini, bajeti yetu sio kubwa na sitaki turudi tunajuta. Nimesikia wewe ulishaenda na familia, nini hasa watoto walikipenda?
Mama wa Watatu, Morogoro

JIBU: Salama mama, na hongereni sana kwa kudunduliza, najua sio kazi ndogo. Sisi tulikaa siku 6, na nikwambie ukweli, kilichowashika wanangu sio tulichokilipia hela nyingi.

Tulianzia Jambiani, kijiji cha pwani ya kusini mashariki. Tumefika saa 5 asubuhi, watoto wameshavalia nguo za kuogelea ndani ya gari, wakashuka mbio mpaka ufukweni, bahari hakuna! Yaani mchanga mtupu mpaka kuleee mbali kwenye mwamba mawimbi yanapovunjikia, na ngalawa zimelala ubavu. Mdogo akaanza kulia na mimi moyo ukanishuka kabisa, nikaona hela yetu imeshapotea. Kumbe zilikuwa siku za bamvua, yaani maji yanajaa sana na kutoka mbali sana, na sisi hatukuuliza mtu.

Sasa wakati tumesimama pale kuna mama alikuwa ameinama kwenye shamba lake la mwani, akatuita tusogee. Akawaonyesha watoto vile kamche kadogo kanavyofungwa kwa taitai kwenye kamba, halafu kamba inavutwa kati ya vigingi viwili inaachwa humo majini. Mwanangu wa kati alifunga miche mpaka kamba ikajaa, vidole vimekunjamana kwa maji ya chumvi na hataki kuondoka. Yule mama akatueleza kwamba zamani walikuwa wakipanda ule mwani mnene wenye bei nzuri lakini siku hizi maji yanapata joto sana unaoza, wengi wamebaki na ule mwembamba wa bei ndogo. Iliniuma, maana kazi yenyewe ni ya kuinama juani masaa na masaa. Mbele yake kulikuwa na wanawake wengine wanachokoa pweza kwenye matundu ya mwamba. Mpaka leo mtoto ananiuliza, mama, mwani wangu ushavunwa?

Kwa hiyo mama, kabla hujaangalia hoteli angalia mwezi. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yanakupwa sana kama saa 4 au 5 asubuhi, yanarudi kujaa kama saa 10 jioni. Zile siku za katikati, maji mafu, inakuwa kinyume, asubuhi ndo yanajaa na hayatoki mbali. Kila siku yanachelewa kama dakika 50. Ukijua hilo unapanga siku zako vizuri, maji yakitoka mnaenda kutembea mwambani, yakijaa mnaogelea. Nungwi na Kendwa kule kaskazini maji hayakimbii mbali hivyo, ndo maana watu wanapasifia, ila kwa bajeti ya familia mimi niliona gesti za Jambiani zinabebeka zaidi. Na wanunulie wote yeboyebo, wasikanyage pekupeku kwenye mwamba, kuna wale wadudu weusi wenye miiba kama nungunungu, ukichomwa utajuta.

Njiani kwenda Jambiani piteni msitu wa Jozani. Kima punju wa pale asili yake ni Unguja tu hapa duniani, mgongo mwekundu na nywele nyeupe zimesimama kichwani, na wanakaa karibu yenu bila wasiwasi. Guide alituambia wanakula mkaa, unawasaidia kuondoa sumu ya majani ya mwembe na mkungu wanayokula, mkubwa wangu hakuamini mpaka alipomuona mmoja kashika kipande anatafuna. Msiwalishe wala kuwagusa.

Mjini siku moja na nusu inatosha. Jioni bustani ya Forodhani kwenye vyakula, urojo, mishkaki na juisi ya miwa, ila uliza bei kabla hawajakuwekea kwenye sahani, sisi hatukuuliza tukalipa mara mbili ya jirani yetu. Maduka ya vinyago nilipita haraka, watoto walichoka.

Boti: nenda na kitambulisho chako na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kaeni sehemu ya chini, katikati ya boti, na wasipande wameshiba sana.

SWALI: Mama yangu ana miaka 70, magoti yanamsumbua, anataka sana kuona wale kobe wakubwa wa kisiwa cha Changuu. Ataweza?
Binti Mkubwa, Tanga

JIBU: Mpe shikamoo yangu. Ni kama nusu saa kwa mashua kutoka mjini, kazi iko kwenye kushuka tu, sisi tulishukia majini karibu na mchanga, kwa hiyo muwe na vijana wawili wa kumshika na muende asubuhi mapema upepo haujaamka. Akishafika hatembei mbali. Wale kobe asili yao Seychelles, waliletwa kama zawadi mwaka 1919, na umri umeandikwa kwa rangi kwenye magamba. Mama mkwe wangu alikaa kwenye jiwe akawa anamlisha mchicha kobe mmoja aliyeandikwa ana miaka zaidi ya 100, anamsemesha taratibu kama anaongea na mzee mwenzake, na hatukuwa na moyo wa kumwambia tuondoke.