Kalenda ile ile ilinipa mimba, kisha ikaninyima

Juzi usiku, saa sita kasoro, binti mmoja kaniandikia: "Dada, nilikutana na mpenzi wangu siku ya 19 tangu hedhi ianze. Programu ya simu inasema ni siku salama, ila moyo hautulii. Nimeshakunywa maji ya chumvi. Nina mimba?" Nikamuuliza mzunguko wake ni wa siku ngapi. 28. Nani kakuambia? "Si ndiyo ya kila mtu, dada?"

Nilicheka, halafu kicheko kikakatika. Huyo binti ni mimi wa mwaka 2013.

Nilikuwa chuo, Morogoro, mwaka wa kwanza. Mwenzangu wa chumbani alinichorea kwenye daftari: siku ya 11 hadi ya 17 hatari, zilizobaki kula maisha. Nikala maisha siku ya 20. Mwaka uliofuata nikajifungua binti, akalelewa na bibi yake Bariadi. Ya katikati nayaruka: kuahirisha masomo, baba kutonisemesha miezi minne. Nilishayalia ya kutosha.

Nikaolewa 2019. Mume wangu yuko mgodini Geita, mimi Mwanza. Nikajiambia, kama nilishika bila kutaka, nikitaka si itakuwa mteremko? Nikatoa hesabu ile ile ya daftari, safari hii naitumia kwa kuigeuza. Mwanaume wa watu anabadilishana zamu na wenzake, siku ya 12 anapanda gari, anakaa foleni ya kivuko Kigongo na Busisi (daraja lilikuwa bado), anafika amechoka, namwambia leo lazima. Siku ya 16 asubuhi anarudi. Miaka miwili na ushee tumeishi hivyo. Tendo lenyewe likawa kama kwenda kulipa bili ya maji.

Maneno nayo hayakukosa. Mama mkwe alisema kizazi cha mtu aliyezaa usichana huchoka mapema. Wifi mmoja akauliza mbele ya wageni nimetoa ngapi. Sijatoa hata moja, na siku ile sikumjibu. Namjibu leo hapa, asome. Nililetewa dawa ya chango kwenye chupa ya maji, chungu kama shubiri. Nikaenda kwa mtu wa kusafisha kizazi, akala laki nne yangu. Kila kukicha nilikuwa naangalia shuka: mbegu zinamwagika, ndiyo maana sishiki. Nikawa nalala miguu juu ya ukuta nusu saa.

Aliyenitoa gizani ni nesi mmoja, mama mtu mzima, kituo cha afya. Hakunipa dawa. Aliniuliza kama naandika tarehe zangu. Ninaziandika, kwenye kalenda ya ukutani jikoni. "Kailete." Akahesabu miezi saba kwa kidole: 34, 35, 36, 35... Akaniambia, mwanangu, siku 14 hazihesabiwi kwenda mbele, zinahesabiwa kurudi nyuma.

Maana yake ni hii. Yai hutoka takribani siku 14 kabla ya hedhi inayofuata. Mwenye mzunguko wa siku 28, ukitoa 14 inabaki 14, ndipo namba hiyo ilipozaliwa na kuwadanganya wengine. Mimi wa 35, nikitoa 14 inabaki 21. Yai likishatoka linaishi saa 12 hadi 24 tu. Mbegu za mwanaume zinaweza kukaa hai ndani ya mwili wa mwanamke hadi siku 5. Kwa hiyo zile za siku ya 15, usiku wa mwisho kabla ya gari la Geita, zilikuwa zinakufa mlangoni yai halijatoka. Na siku ya 20 ya Morogoro niliyoiita salama ilikuwa katikati ya hatari yenyewe. Kosa moja, limenipiga pande zote mbili.

Kuhusu shuka, nesi alicheka. Kinachomwagika ni majimaji, za kwenda zimeshakwenda ndani ya dakika chache.

Kisha akauliza, "Na baba yuko wapi?" Mume wangu alinuna wiki nzima, lakini alienda kupima. Majibu yake ni yake, siyaweki hapa. Ninachosema ni kwamba karibu nusu ya ndoa zinazohangaika kupata mtoto, upande wa mwanaume nao una tatizo, lakini anayenyweshwa chupa ni mwanamke peke yake. Wanaume, nendeni mkapime! Hamtapungua chochote.

Mwezi wa tatu wa hesabu mpya nikashika.

Sasa wewe binti wa juzi, na wenzako. Maji ya chumvi hayazuii mimba. Kukojoa haraka hakuzuii, kuruka kamba hakuzuii. Kama hutaki mimba, P2, kile kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, inywe mapema kadiri uwezavyo, ndani ya saa 72 tangu mkutane, na usiigeuze kuwa chai ya kila wiki. UPT, kipimo cha mimba cha mkojo, ya siku ya tatu haikwambii kitu. Subiri siku zako zichelewe, au siku 21 tangu mkutane. Programu ya simu inakisia tu. Ukiipa 28 ya uongo itakurudishia uongo. Andika tarehe zako. Na hata ukiziandika, mwezi wenye homa, safari au mawazo unaweza kuruka, kwa hiyo asiyetaka mimba asitegemee kalenda peke yake.

Na wewe unayetafuta, usilie mwezi wa tatu. Hata vijana wenye afya, kwa mwezi mmoja nafasi ni kama moja kwa nne au tano. Mkikutana bila kinga mwaka mzima bila kitu, nendeni hospitali wote wawili; ukishavuka miaka 35, usingoje zaidi ya miezi sita. Anza vidonge vya foliki asidi sasa, kabla ya mimba. Na andika tarehe zako. Nimeshasema? Narudia.

Mwanangu ana miaka miwili. Mama mkwe anamwambia kila mgeni kuwa ni ile dawa yake ya chupa. Nimemwachia.