Uliza Fundi: Nataka kuanza kuziba vioo vya mbele vya magari, nianzie wapi?

Shikamoo kaka fundi. Mimi kijana wa miaka 27 nipo Arusha maeneo ya Sakina, nimekaa gereji moja ya magari ya tours miaka minne naosha, nabadilisha vioo, nafanya na body kidogo. Kitu nachokiona kila siku ni gari inarudi kutoka Serengeti kioo cha mbele kimepigwa jiwe, kidonda kidogo tu, bosi anasema acha kitembee, baada ya wiki ufa umefika upande wa pili alafu kioo kizima kinatolewa. Nimeona video mtu anabandika kimashine kwenye kioo anajaza gundi na kidonda kinapotea. Nina mtaji wa milioni moja na laki mbili. Hii kazi inalipa kweli? Ninunue nini na ofisi niweke wapi? Nijibu kaka maana kila ninayemuuliza ananicheka. – Msomaji, Sakina

Marahaba mdogo wangu. Waache wacheke, kazi hii ipo na wewe upo mji wenyewe. Gari za utalii lami inaishia geti la Loduare la kuingilia Ngorongoro, kuanzia hapo ni changarawe na vumbi kupita Ngorongoro mpaka geti la Naabi la Serengeti na kuendelea Seronera, na kila mnapopishana na gari iendayo kasi mawe yanaruka. Kuanzia Julai mpaka Oktoba gari hazilali, zikirudi jioni asubuhi zinaondoka na wageni wengine, kwa hiyo mwenye gari anayeambiwa kioo chako kinatengenezeka nusu saa hapahapa yadi bila kulaza gari, huyo anakusikiliza vizuri sana.

Lakini kabla ya pesa nataka uelewe kioo chenyewe, maana hapo ndo mafundi wengi wanaharibu. Kioo cha mbele si kimoja, ni viwili vyembamba vya kama milimita 2 kila kimoja, katikati kuna utando wa plastiki wa milimita 0.76 umevishika pamoja. Ndo maana kikipigwa hakimwagiki usoni kwa dereva. (Kisa chake kizuri: mwaka 1903 mkemia Mfaransa Édouard Bénédictus alidondosha chupa maabara, ikapasuka lakini vipande vikabaki vimeshikana kwa sababu dawa iliyokuwemo zamani ilikauka ikaacha utando ndani, na mwaka 1909 akaisajili kama uvumbuzi wake.) Jiwe likipiga kwa kawaida linavunja kile kioo cha nje peke yake. Sasa kwenye ule ufa kuna hewa, na hewa ndo inafanya uone kidonda kinang'aa. Wewe kazi yako ni kuitoa ile hewa na kuweka rezini (ile gundi uliyoiona kwenye video), ambayo mwanga unapita ndani yake karibu sawasawa na unavyopita kwenye kioo, uikaushe kwa taa ya UV (miale isiyoonekana kama ile ya jua), basi ufa unashikwa hauendi mbele na macho hayauoni tena vizuri. Nasema hayauoni VIZURI, alama ndogo hubaki, na hilo mwambie mteja kabla hujagusa kitu, akikubali ndo uanze. Ukimuahidi kioo kama kipya atakudai hela yake na atakuwa na haki.

Sasa jambo nalotaka ulishike kuliko yote kwenye barua hii ni kujua cha kukataa. Biashara hii inajengwa na vioo unavyovikataa. Ingia ndani ya gari, pitisha ukucha kwenye kioo upande wa ndani, ukikwaruza kitu ujue na kioo cha ndani kimevunjika, kataa. Ufa umegusa ukingo wa kioo au upo sentimita chache kutoka ukingoni, kataa, pale kioo kina mkazo na utaendelea tu hata ukijaza. Utando wa katikati umetoboka au umeanza kuwa mweupe kwa maji, kataa. Alafu eneo la macho ya dereva: kiwango cha Waingereza kinachoitwa BS AU 242a kinachukua mstari wa upana wa milimita 290 mbele ya usukani na kinasema hapo usizibe kitu kinachozidi milimita 10, ila ukisogea pembeni kabisa nje ya wipa kinaruhusu mpaka milimita 40. Hata kama hapa hakuna anayekuja kukupima na rula, wewe jipime, kwa sababu hata kazi nzuri huacha kivuli kidogo na usiku taa za lori linalokuja zikigonga pale dereva anapata mng'ao, na huyo dereva nyuma yake ana watu sita.

Vifaa: usinunue vile vya bomba la sindano vinavyouzwa mtandaoni kwa bei ya chakula cha mchana, vile ni vya mtu kuziba gari yake mara moja na havivuti hewa ipasavyo. Tafuta stendi ya chuma yenye mpira wa kunyonya kioo, injekta ya kuskrubu inayoweza kuvuta na kusukuma, taa ya UV ya betri, rezini ya aina mbili (nyepesi ya kupenya kwenye nyufa na nzito ya kufunikia kitundu cha juu), drili ndogo ya mkono na biti zake, kioo kidogo cha kuangalizia, tochi, plastiki nyembamba za kufunikia, nyembe za kutosha na dawa ya kung'arisha. Kwenye milioni moja na laki mbili yako usiweke zaidi ya nusu kwenye vifaa. Iliyobaki ni nauli, karatasi za serikali, na chakula chako miezi ya mwanzo ambayo simu itaita mara mojamoja. Rezini usinunue chupa nyingi kwa pamoja, kazi moja inakula matone machache tu na ikikaa sana inaharibika, itunze gizani pasipo joto, kamwe usiiache kwenye dashibodi.

Kabla ya gari ya mtu nenda kwenye zile gereji unazozijua, omba vioo vilivyotolewa, vipo vinatupwa, viegemeze ukutani uvipige mwenyewe kwa jiwe dogo na uvizibe. Fanya hivo mpaka mkono uzoee. Utajifunza kuangalia: unachokoa vumbi la kioo kwa sindano, unabandika stendi, unashusha injekta mpaka mpira wake uguse kioo kuzunguka kitundu bila kukandamiza (ukikaza sana unaongeza ufa kwa mkono wako), unaweka matone mawili, unavuta hewa, unasubiri dakika kadhaa, utaona mapovu madogo yanapanda kwenye injekta, unaachia, unasukuma rezini ndani, unarudia tena. Angalia kwa kile kioo kidogo upande wa ndani. Kidonda cha nyota kina miguu yake na kila mguu ambao bado unang'aa una hewa, ukijaa unapotea machoni kuanzia katikati kwenda nchani, na ile ncha ya mwisho kabisa ndo inayochelewa na ndo inayoweza kuendelea kupasuka, usiondoe mashine kabla yake hata mteja akikuharakisha vipi. Baada ya hapo tone la rezini nzito juu, plastiki, taa, ikishakauka unakwangua na wembe mpya uliousimamisha wima kwenye kioo, unang'arisha, kwisha.

Jua ni adui yako. Rezini inakauka kwa UV na jua lina UV, ukifanya kazi juani inaganda kabla haijafika kwenye miguu, kwa hiyo turubai au mwamvuli mkubwa ni kifaa kama vifaa vingine. Kioo kikiwa cha moto usikimwagie maji ya baridi kukipoza, kitapasuka mbele yako, kipeleke kivulini ukiache kipoe chenyewe. Na masika, Aprili na Mei, kidonda kinakuwa na maji, kikaushe taratibu kwa kikausha nywele upande wa ndani, rezini na maji havikai pamoja. Bahati nzuri miezi hiyo magari mengi yamepaki, ndo wakati wa kuzunguka kwenye makampuni ukaongea nao.

Ofisi usifungue saivi. Kodi ya fremu mjini itakumaliza kabla wateja hawajakujua na mteja wako mwenyewe haji, yeye yupo yadi yake Njiro, Sakina, Ngaramtoni, gari zinaingia saa kumi na moja jioni zimejaa vumbi. Weka vifaa kwenye begi panda boda mfuate. Anza na zile kampuni ambazo madereva wake wanakujua kutoka gereji, na ongea na dereva kwanza maana yeye ndo anajua jiwe limepiga lini, mwenye gari anajua ufa ukishafika katikati. Bei: ulizia bei ya kioo kipya cha Landcruiser pamoja na ufundi, alafu wewe chaji sehemu ndogo ya hiyo, mtu aone wazi amepona, ila usishuke mpaka ukawa unafanya bure kwa sababu ukikosa hela ya rezini nzuri utaanza kununua mbovu. Kidonda cha pili kwenye kioo hichohicho mfanyie nusu bei, mashine si ishatoka kwenye begi.

Karatasi usizikwepe. TIN ya TRA unapata bure ukiwa na namba ya NIDA, leseni ya biashara ni halmashauri, na nakwambia mapema kampuni za utalii zitakuomba risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi) kwa ajili ya mahesabu yao, kwa hiyo ukienda TRA waulize hapohapo utaratibu unaokuhusu. Kama una wenzako wa kushirikiana nao ulizia pia mkopo wa halmashauri wa ile asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, vijana wana asilimia 4 humo ndani, ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024, wanakopesha vikundi.

Fundi habari za kazi. Mimi dereva wa roli njia ya Dar kwenda Tunduma, nipo Morogoro. Jiwe likipiga kioo nikiwa njiani nifanye nini mpaka nimpate fundi? Mwenzangu kaniambia nidondoshee superglue.

Njema ndugu yangu, pole na barabara. Superglue hapana, tafadhali. Ile inakauka juujuu ya kitundu na kuziba mlango, fundi akija hana pa kupitishia rezini na haitoki tena, umejihukumia kioo kipya. Wewe simama mahali salama, futa kwa kitambaa kikavu, bandika soltepu nyeupe juu ya kidonda vumbi na maji visiingie, kama haikuzibi kuona. Usipeleke roli kuoshwa kwa mashine ya presha. Kioo kikiwa kimechemka usifungulie AC yote kwa mkupuo ikapuliza kwenye kioo, na ukipaki tafuta kivuli. Alafu kizibwe siku hizohizo, ukiacha mpaka urudi safari nyingine matuta peke yake yanatosha kuutembeza ufa.

Kaka fundi mimi mama wa watoto watatu nina Noah hapa Dodoma. Kioo cha mlango wa pembeni kina mchubuko na kama kiufa. Fundi mmoja kasema ataziba kwa rezini. Nimlipe?

Usimlipe dada yangu. Vioo vya milango ya Noah ni vya aina nyingine kabisa, kioo kimoja kilichochomwa na kupozwa haraka ili kiwe kigumu, hakina utando katikati. Kikipasuka kweli kinasambaratika chote kwa mara moja kuwa punje punje, kwa hiyo kama bado kimesimama hicho unachokiona ni mkwaruzo. Mkwaruzo mdogo uache, ukiwa mkubwa tafuta kioo cha spea, na watoto wasikae wanakigongagonga.

Fundi nina Subaru Forester yenye kamera mbili juu ya kioo kwa ndani. Jiwe limepiga chini upande wa abiria, ukubwa wa kichwa cha msumari. Gereji wanasema nibadilishe kioo tu nisihangaike. – Moshi

Ziba, tena wiki hii. Kidonda cha ukubwa huo mbali na macho ya dereva ndo kazi rahisi kuliko zote. Zile kamera ni mfumo wa EyeSight, zinaangalia barabara kupitia kioo hichohicho na ndo zinazopima umbali wa gari ya mbele ili gari ifunge breki yenyewe. Ukitoa kioo lazima zipimwe upya kwa vifaa maalum, na kioo kisichoendana nazo kinaweza kuzichanganya. Ingekuwa jiwe limepiga mbele ya kamera ningekwambia usizibe, kwa sababu kile kivuli kidogo kinachobaki kingekaa kwenye njia ya kamera. Hao gereji waulize swali moja tu, kamera wanazipima kwa kifaa gani baada ya kuweka kioo. Wakishindwa kukuonyesha kifaa hicho, hata siku utakapohitaji kioo kipya kweli usiwape wao.