Je, sadaka imetokana na kusadiki?

Msomaji wetu wa Tanga anauliza: "Neno sadaka limezaliwa na kitenzi sadiki? Na kuna tofauti gani kati ya sadaka na zaka? Tena, wingi wake ni masadaka?"

Sadaka haikuzaliwa na sadiki. Yote mawili yalitujia kutoka Kiarabu, kila moja kwa safari yake, ila shina lao ni moja: s-d-q, lenye maana ya ukweli. Sadaka kwa Kiarabu ni ṣadaqa. Ile q ya kooni Waswahili tuliifanya k, kama tulivyofanya kwenye kalamu, kaburi na wakati. Kwa hiyo ni ndugu, si mzazi na mwana. Mwingine wa ukoo huo ni sadakta, neno ambalo wazee wa barazani humtamkia aliyesema kweli. Lakini usidanganywe na sadifu. Lina sauti za kufanana, ila shina lake ni jingine kabisa.

Wanazuoni wa Kiislamu huufafanua undugu huo hivi: anayetoa anathibitisha kwa mali yake kwamba imani anayoitaja mdomoni ni ya kweli. Ndiyo maana, kwa maoni yangu, magunia ya unga yanayogawiwa na serikali wakati wa njaa yaitwe msaada. Sadaka hutazama zaidi nia ya mtoaji, msaada hutazama shida ya mpokeaji.

Zaka nayo shina lake lina maana ya kutakasika na kukua. Kwa Mwislamu ni faradhi: asilimia 2.5 ya mali iliyofikia kiwango na kutimiza mwaka wa mwandamo. Sadaka ni hiari, haina kiwango wala msimu. Lugha ya Kurani yenyewe haitenganishi sana, kwani aya ya 60 ya Sura At-Tawba, inayotaja mafungu manane ya wanaostahili zaka, inatumia neno sadaka kwa wingi wake wa Kiarabu, sadaqat.

Makanisani maneno haya yamepata makazi mengine. Zaka huko ni fungu la kumi la pato, na sadaka ni ile inayotiwa kapuni wakati wa ibada. Basi majirani wawili wa mtaa mmoja wakisema "nimeshatoa zaka", kila mmoja ana hesabu yake, na wote wanasema Kiswahili sahihi. Biblia ya Kiswahili imelipanua neno sadaka zaidi, hata mnyama anayechinjwa na kuchomwa madhabahuni akaitwa sadaka ya kuteketezwa.

Kuhusu wingi: masadaka sikushauri. Neno hili liko katika ngeli ya I-ZI na halibadiliki umbo: sadaka yangu imepokelewa, sadaka zangu zimepokelewa.