Mchezaji anashinda 2-0, hendikapu inachanika: kwa nini kwenye nyasi?

SWALI: Nabeti tenisi. Msimu wa viwanja vya udongo nilikuwa nabeti hendikapu ya -4.5 gemu (ashinde kwa tofauti ya gemu 5 au zaidi) kwa mchezaji anayepewa nafasi kubwa, na mara nyingi ilitiki. Tangu mechi zihamie kwenye nyasi, wachezaji wangu wanashinda seti 2-0 lakini mkeka unachanika. Je, niachane na hendikapu nihamie kwenye "zaidi ya" gemu (jumla ya gemu za mechi ipite namba iliyowekwa)? Na niangalie takwimu zipi?

JIBU: Unachagua washindi vizuri. Kinachokuponza ni kuihamishia nyasi hesabu ya udongo. Kwenye nyasi mpira unateleza na kudunda chini, kwa hiyo sevu inapata pointi nyingi zaidi na mpokeaji anavunja gemu, yaani anashinda gemu anayosevu mpinzani, mara chache. Mchezaji bora bado anashinda, ila kwa pengo dogo.

Anza na pointi. Mchezaji anayeshinda asilimia 60 ya pointi za sevu yake hushikilia gemu yake, yaani hushinda gemu anayosevu, takribani mara 74 katika 100. Akifika asilimia 65 anashikilia mara 83, na akifika 70 anashikilia mara 90. Sasa wakutanishe wawili wanaolingana. Wote wakishikilia kwa asilimia 74, seti inafika 6-6 na kuingia taibreki (gemu ya kuamua seti) kama mara 18 katika 100. Wakishikilia kwa asilimia 90, inafika mara 38. Na seti ya 7-6 inampa mshindi wako gemu moja tu ya kuelekea hiyo -4.5.

Hata bila taibreki hesabu inabana. Tuseme mchezaji wako anavunja sevu mara moja tu katika kila seti, na yeye havunjwi. Mpinzani akianza kusevu mechi, seti ya kwanza haiwezi kuisha kabla ya gemu ya kumi: 6-4. Seti ya pili inaanza na mpinzani tena, nayo inaisha 6-4. Jumla ni 12-8, tofauti ni 4, umepoteza. Mchezaji wako akianza yeye, na akavunja kabla ya gemu ya kumi, seti ya kwanza inaisha 6-3 na ya pili 6-4. Jumla ni 12-7, tofauti ni 5, umeshinda. Mchezo ni uleule, uvunjaji ni uleule, na kilichoamua ni nani alianza kusevu. Hilo huwezi kulijua kabla ya kurusha sarafu, kwa hiyo -4.5 iliyowekwa asubuhi ina bahati ndani yake kuliko wengi wanavyodhani. Ukitaka hendikapu kwenye mechi ya seti tatu, -2.5 na -3.5 zinabeba 6-4 6-4 hata ikitokea sarafu imekukataa. Odi zitakuwa ndogo, na hiyo ndiyo bei yake.

Kuhamia "zaidi ya" si suluhisho la moja kwa moja. Kampuni za kubashiri nazo zinajua nyasi ina taibreki nyingi, na mstari, yaani namba ya gemu ya kupita, unapandishwa mapema. Kwenye mstari wa 22.5, 6-4 6-4 ni gemu 20 na 7-6 6-3 ni 22: zote zinaanguka. Unahitaji seti mbili ndefu kama 7-6 6-4, ambayo ni 23, au mara nyingi seti ya tatu. Ninaiona "zaidi ya" ina maana pale tu wote wawili wanaposevu kwa nguvu na wote wawili ni wapokeaji dhaifu. Ukiwa na mmoja tu mwenye sevu kali, mwingine anaweza kuvunjwa mara mbili mbili na mechi ikaisha upesi.

Takwimu za kuangalia ni mbili: asilimia ya pointi anazoshinda akisevu, na asilimia anazoshinda akipokea. Idadi ya eisi (sevu ambazo mpokeaji hazigusi) inavutia macho lakini haikuambii mengi. Kisha zikutanishe. Chukua wastani wa wachezaji wote kwenye nyasi, tuuweke 66 kwa sevu na 34 kwa kupokea. Mchezaji A anashinda 70 akisevu, na mpinzani wake B anashinda 36 akipokea, yaani 2 juu ya wastani. Toa hizo 2: tarajia A ashinde 68 dhidi ya huyu B, sawa na kushikilia gemu kama mara 88 katika 100. Fanya hivyohivyo kwa sevu ya B, na pengo kati ya namba hizo mbili ndilo linaloongoza hendikapu.

Tatizo ni uchache wa mechi. Msimu wa nyasi ni wiki chache tu, Juni hadi katikati ya Julai, na mchezaji anayetolewa mapema anaweza kucheza mechi tatu au nne za nyasi mwaka mzima. Kusanya misimu miwili au mitatu, na ziba pengo kwa mechi za uwanja mgumu wa ndani, ambako sevu pia inatawala. Matokeo ya udongo ya Mei yape uzito mdogo.

Kwa Wimbledon kuna mambo ya kuongeza. Wanaume wanacheza hadi seti tano, hivyo -4.5 ya huko si -4.5 ya mashindano mengine ya nyasi kama Halle au Queen's, ambako ni hadi seti tatu. Tangu 2022, seti ya mwisho ikifika 6-6 inachezwa taibreki ya pointi 10, na kwenye matokeo inahesabiwa gemu moja, 7-6. Mwaka 2010 John Isner alimshinda Nicolas Mahut 70-68 katika seti ya tano, gemu 138 kwa seti moja. Ukitumia data za zamani za jumla ya gemu bila kuondoa seti za namna hiyo, wastani wako utadanganya. Kwa wanawake sevu haitawali kiasi hicho, na hendikapu zako za udongo zitaumia kidogo tu.

Nyasi yenyewe hubadilika. Siku za kwanza ni mbichi na inateleza. Wiki ya pili mstari wa nyuma unakuwa na vipara na mpira unadunda juu kidogo. Siku za utelezi ndizo za kusoma kanuni za mchezaji kujitoa. Juni 29, 2021 huko Wimbledon Serena Williams alijitoa kwa jeraha matokeo yakiwa 3-3 seti ya kwanza. Kampuni inayolipa baada ya mpira mmoja ingemlipa aliyembetia mpinzani wake, Sasnovich. Inayotaka seti moja iishe ingerudisha dau. Siku hiyohiyo Mannarino alijitoa wakiwa seti 2-2 na Federer: kanuni ya seti moja inamlipa wa Federer, kanuni ya mechi kuisha inarudisha dau. Hendikapu huwa na kanuni yake tofauti, isome kabla ya kuweka.

Angalia pia bei. Odi 1.85 kila upande ni asilimia 54.05 mara mbili, jumla 108.1, hizo 8.1 za juu ya mia ni za kampuni. Ili usipoteze, ubashiri wako lazima utiki zaidi ya mara 54 katika 100. Kama hesabu yako inasema 55, acha, kwa sababu kosa la takwimu chache ni kubwa kuliko hiyo moja. Dau libaki asilimia moja ya mtaji uliotengwa kwa kubeti, hata mkeka wa jana ukiwa umechanika.

Ukibeti mechi ikiendelea, usikimbilie kuvunjwa kwa sevu kila uonapo 0-30. Msevu wa asilimia 70 akiwa 0-30 bado anashikilia gemu hiyo karibu mara 59 katika 100. Na picha unayoiona imechelewa sekunde kadhaa. Bei imeshasogea kabla hujabonyeza.