Re: Ngege wa bwawa moja, wengine wakubwa wengine wamedumaa, ni mbegu?

Vipi ndugu, kwa hivyo ngege (tilapia) wako ni wa umri mmoja, wengine wametosha kiganja na wengine bado ni kama kidole, na unashuku mbegu. Kabla ulaumu mbegu angalia jinsia kwanza. Geuza wale wadogo tumbo juu, dume ana matundu mawili, jike matatu, na mimi hapa Kisumu nikivuta neti wadogo wengi huwa ni majike, unafungua mdomo unapata mayai, na jike akilea hivyo hali karibu kitu, chakula chote kinabaki cha madume. Halafu wakizaana bwawa linajaa wote wanadumaa.

Mbegu pia ina maneno lakini, hata ule mradi wa GIFT, wa kuboresha mbegu ya ngege wa kufugwa, ulioanza Ufilipino 1988 ulikuwa wa kuchagua wanaokua haraka kizazi baada ya kizazi. Kwa hivyo toa madume wadogo peke yao, waweke penye nafasi na maji ya joto, walishe vizuri. Wakishika kasi, shida ilikuwa bwawa. Wakikataa, badilisha mbegu, na usizalishe hao.

Vifaranga ulitoa wapi, na walikuwa madume pekee ama mchanganyiko?